Nauli ya katuni za mnadani hadi Arusha na Moshi: posta, wakala, DHL au mgeni anayeshukia KIA?

Fungua eBay, soko la mnada la mtandaoni, andika jina la katuni unayoitafuta, kisha panga matokeo kuanzia bei ya chini. Juu kabisa utakuta matoleo ya dola 1, dola 2, mengine senti 99. Bonyeza mojawapo, na chini ya bei kuna mstari wa maandishi madogo: kutuma Tanzania, dola 38. Hapo tunazungumzia kijitabu cha kurasa 32 kilichobanwa kwa pini mbili, chepesi kuliko simu uliyoshika. Wakusanyaji wengi wa huku kaskazini tumezoea kulipa na kununa, tukiamini kwamba Tanzania ni mbali na umbali lazima ulipiwe. Umbali upo, sikatai. Lakini sehemu ya nauli za aina hiyo haimfikii rubani wala mtu wa posta. Ni faida ya muuzaji, imewekwa mahali ambapo jicho la mnunuzi huchelewa kufika.

Nalinganisha hapa njia ambazo mtu wa Arusha au Moshi anaweza kuzitumia kuleta katuni kutoka mnada wa mtandaoni. Anayetaka jibu la haraka achukue hili: usihesabu matoleo unayonunua, hesabu wauzaji. Matoleo mengi kwa muuzaji mmoja, tumia posta ya moja kwa moja. Toleo mojamoja kwa wauzaji wengi, tumia wakala wa kukusanya mizigo. Toleo moja la thamani kubwa, lipia kampuni ya usafirishaji wa haraka kama DHL, yenye bima, au lisubiri mtu unayemwamini anayekuja kwa ndege. Ukifuata hilo peke yake tayari umeokoa pesa. Sababu zake zinafuata, pamoja na mahali ambapo jibu hilo linabadilika.

Kwa nini nauli inavimba

Hadi mwaka 2011 eBay ilikuwa ikikata asilimia yake kwenye bei ya kitu peke yake. Nauli ilikuwa haiguswi. Muuzaji mwenye toleo la dola 20 aliona ni afadhali aliuze kwa dola 1 na kudai dola 25 za kutuma, akwepe makato. Mwaka huo eBay ilibadilisha utaratibu ikaanza kukata asilimia kwenye jumla yote, nauli ikiwemo, na mchezo ule ukapungua. Haukuisha, kwa sababu mbili zilizobaki. Kwanza, wanunuzi wengi bado wanapanga matokeo kwa bei tupu, na mwenye bei ndogo ndiye anayeonekana. Pili, ukirudisha kitu kwa kubadili mawazo tu, nauli ya kwanza kwa kawaida hairudishwi. Pesa iliyowekwa kwenye nauli ni pesa iliyo salama kwa muuzaji.

Kuna aina ya tatu ya nauli kubwa, na hii haina ubaya wa moyo. Muuzaji yuko Ohio au Leeds, anauza katuni za baba yake, hajawahi kutuma kitu Afrika. Hajui posta inatoza kiasi gani hadi Arusha, anaogopa kula hasara, basi anaandika namba kubwa ya kujikinga. Mtu huyu anazungumzika. Ukimwandikia kwa adabu, ukampa uzito na jina la huduma, mara nyingi anashusha. Yule anayeficha faida kwenye nauli hatashusha, atajibu kwamba nauli imeandikwa wazi na usiyetaka usinunue. Majibu yao ndiyo yanayowatenganisha, kwa hiyo swali liulizwe kabla ya dau. Mnadani ukishinda umeshafunga makubaliano. Huwezi kuanza kulalamikia nauli iliyokuwepo kwenye ukurasa tangu mwanzo.

Nauli iliyovimba inaweza kuuma mara ya pili forodhani. Thamani ya mzigo inaweza kukokotolewa kwa kujumlisha bei ya kitu, bima na nauli hadi kufika nchini. Pakitokea kodi yoyote ya asilimia na nauli ikahesabiwa, ile faida ya siri ya muuzaji nayo inatozwa. Vitabu vilivyochapishwa na majarida vimewekewa asilimia 0 kwenye ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki, kwa hiyo maneno ya kwenye fomu ya forodha, CN22 au CN23, yana maana kubwa. Mwombe muuzaji aandike kwamba ni kitabu cha katuni kilichochapishwa, pamoja na bei halisi uliyolipa. Akiandika tu kwamba ni kitu cha mkusanyo, au mwanasesere, unampa ofisa wa TRA kazi ya kukisia na wewe kazi ya kueleza. Na usimwombe apunguze bei kwenye fomu. Mbali na kwamba ni uongo, kifurushi kikipotea fidia haiwezi kuzidi thamani iliyoandikwa.

Posta ya moja kwa moja

Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa manunuzi ya kawaida, na ndiyo wengi wetu wanaoidharau.

Posta ya Marekani, USPS, ina huduma ya vifurushi vidogo vya nje ya nchi visivyozidi pauni 4, yaani kilo 1.8 hivi. Bei yake haipandi gramu kwa gramu. Inapanda kwa ngazi: hadi gramu 227, kisha hadi 907, kisha hadi 1,361, kisha hadi 1,814. Ukilijua hilo umeshika siri nzima. Toleo la kawaida likiwa ndani ya mfuko wake wa plastiki na kadibodi yake ya nyuma lina takriban gramu 100. Weka vipande viwili vya kadibodi ngumu na bahasha, jumla inafika kama gramu 200 na kidogo. Toleo moja likifungwa na mtu makini linakaa ngazi ya kwanza. La pili linakusukuma ngazi ya pili, na hapo unalipa mruko wa bei. Lakini kuanzia la pili hadi la saba mnabaki ngazi ileile! Toleo la tatu, la nne, la tano, la sita na la saba halimwongezei muuzaji hata senti moja kwenye dirisha la posta.

Sasa rudi kwa wale wauzaji wanaodai nauli kamili kwa kila toleo, hata ukinunua matano kwao siku moja. Hapo ndipo wizi mkubwa ulipo, na unazidi hata ile nauli ya kwanza. Kabla ya kuweka dau la pili kwa muuzaji yuleyule, muulize kama anaunganisha mzigo na ni kiasi gani cha ziada kwa kila toleo. Dola moja au mbili kwa ajili ya kadibodi na muda wake wa kufunga ni haki yake kabisa. Akisema kila toleo na nauli yake, achana naye, hata kama anacho kitu ulichokitafuta miaka. Kitatokea kwa mwingine.

Uingereza nako kuna nafuu ambayo wauzaji wenyewe mara nyingi hawaitumii. Royal Mail inaweka kikomo cha kilo 2 kwa vifurushi vya kawaida vya nje, lakini machapisho yanaruhusiwa hadi kilo 5. Katuni ni machapisho. Mtu anayetaka kununua mfululizo mzima wa jarida la Kiingereza, matoleo 30 au 40 kwa mkupuo, amkumbushe muuzaji jambo hilo kabla hajakubali kugawanya mzigo kwenye vifurushi vitatu.

Udhaifu wa posta ni muda na ufuatiliaji. Kifurushi kinapita Dar es Salaam ndipo kipandishwe huku, na kuna wiki ambazo namba ya kufuatilia hainyanyuki. Sisitiza upewe namba kamili ya kimataifa: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka, kama US au GB. Yenye umbo hilo inasomeka kwenye mfumo wa posta za nchi zote wanachama wa Umoja wa Posta Duniani, na ukienda nayo Posta Kuu ya Arusha pale Mnara wa Saa, mhudumu ana kitu cha kutafutia. Andika sanduku lako la posta kwa usahihi, na namba ya simu mbele yake. Asiye na sanduku la chuma anaweza kufungua lile la Posta Kiganjani, ambalo namba ya simu ndiyo namba ya sanduku.

Unyevu ni jambo jingine. Kifurushi kikikaa Dar wakati wa masika, karatasi ya miaka ya 1970 inakunywa unyevu na kujikunja hata kama hakuna tone lililoiangukia. Mwombe muuzaji azibe mfuko wa plastiki kwa utepe wa gundi na kuuzungushia mfuko wa pili. Haibadilishi uzito, na inaokoa jalada.

Mpango wa usafirishaji wa mnada wenyewe

eBay ina mpango ambao muuzaji wa Marekani anapeleka kitu kwenye ghala la ndani ya nchi yake, halafu eBay inachukua jukumu la safari ya nje. Kwa muuzaji ni raha tupu: hajazi fomu ya forodha, na kikivunjika njiani baada ya ghala lawama si yake. Ndiyo maana wengi wamejiunga bila hata kufikiri.

Kwa mnunuzi wa Moshi faida ni moja kubwa: ulinzi. Kitu kikipotea au kikifika kimekunjika, huna haja ya kubishana na mtu wa Ohio. Hasara ni kwamba unalipa safari mbili, ya kwenda ghalani na ya kutoka ghalani, na bei ya safari ya pili hupangwa na mfumo. Hakuna wa kumwomba apunguze. Kwa toleo la dola 10 nauli inaweza kuwa mara tatu ya kitu. Ninaukubali mpango huu kwa kitu cha kati, tuseme dola 80 hadi 150, ambapo kupoteza kungeuma na bima ya kampuni ya haraka ingekuwa ghali mno. Kwa katuni za bei ndogo, mwombe muuzaji atumie posta ya kawaida badala yake. Wengine wanaweza kubadilisha mpangilio kwa dakika mbili, hawajui tu kwamba kuna anayetaka.

Wakala wa kukusanya mizigo

Hapa unapewa anwani ya ghala Marekani au Uingereza yenye namba yako. Kila unachonunua kinakwenda pale, kinasubiri wenzake, kisha vyote vinaletwa kama mzigo mmoja. Kampuni ziko nyingi, za nje na za Watanzania wenye ofisi Dar, na watu wanazitumia zaidi kwa nguo, simu na vipuri. Zinafaa katuni pia, kwa masharti.

Tuchukue hesabu ya mfano. Namba ni zangu, ziweke zako. Muuzaji wa kwanza anauza toleo kwa dola 4 na anadai 38 za kutuma: jumla 42. Wa pili anauza toleo lilelile kwa dola 15 na posta ya dola 22: jumla 37. Mwenye bei ya 4 ndiye aliyekaa juu ya orodha, lakini mwenye 15 ndiye rahisi. Wa tatu hatumi nje ya Marekani kabisa, anauza dola 14 na kutuma ndani ni dola 6, kisha wakala anadai dola 30 kwa kifurushi kidogo hadi Tanzania: jumla 50. Kwa toleo moja wakala ameshindwa na wote wawili.

Sasa fanya matoleo yawe kumi, kutoka kwa wauzaji kumi tofauti. Wote wakiwa kama yule wa pili, unalipa 370. Wakiwa kama wa tatu, unalipa 200 hadi ghalani, na mzigo mmoja wa kilo 1.5 kuja huku, tuseme dola 45: jumla 245. Wakala ameshinda kwa mbali. Lakini matoleo hayohayo kumi yakitoka kwa muuzaji mmoja wa aina ya pili, unalipa 150 za katuni na nauli moja ya ngazi ya tatu ya posta, tuseme 50: jumla 200. Wakala ameshindwa tena. Kilichobadilika ni idadi ya wauzaji tu.

Ile dola 6 ya kutuma ndani ya Marekani wengine wanaishuku. Wanasikia kuna huduma ya posta ya bei nafuu kwa vitabu, wanadhani wameibiwa. Huduma hiyo hairuhusu machapisho yenye matangazo ya biashara, na katuni nyingi za Marekani zina kurasa za matangazo. Dola 5 au 6 kwa kifurushi kilichofungwa vizuri ni bei ya kweli. Dola 14 si ya kweli.

Ghala liwe wapi? Delaware na Oregon hazina kodi ya mauzo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2018, majimbo mengi yanalazimisha masoko ya mtandaoni kukusanya kodi hiyo kulingana na anwani ya mpokeaji, na ghala lako likiwa kwenye jimbo lenye kodi, wewe wa Sakina au Majengo utaikuta imeongezwa kwenye malipo yako bila kuielewa. Chagua wakala mwenye ghala kwenye jimbo lisilo na kodi, na hilo peke yake linalipa sehemu ya nauli.

Masharti niliyoyataja ni haya. Uliza kama wanatoza kwa uzito halisi au kwa ukubwa wa boksi, na kama nusu kilo inapandishwa kuwa kilo nzima. Uliza siku za kuhifadhi bure, kwa sababu mkusanyaji anayenunua polepole hulipishwa ghala bila kutarajia. Waandikie wazi kwamba wasiondoe ufungaji wa ndani. Wafanyakazi wa ghala hutupa maboksi ili kupunguza ukubwa, na kwa viatu hilo ni zuri, lakini katuni iliyonyang'anywa kadibodi zake na kubanwa kati ya viatu inafika ikiwa na mkunjo ambao hakuna pasi itakayoutoa. Na ujue jambo zito zaidi: dhamana ya eBay ya kurudishiwa pesa haigusi kitu kilichopelekwa anwani nyingine baada ya kufika anwani ya kwanza. Muuzaji akikuletea toleo lililochanika, kwa macho ya mnada limeshafika salama Delaware. Wakala anayepiga picha kila kitu kinapoingia, hata kwa dola chache za ziada, ndiye wa kuchukua.

Mzigo ukishafika Dar bado uko zaidi ya kilomita 500 kutoka kwako. Wengi wanautuma kwa basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Ni rahisi na unafika kesho yake. Boksi liandikwe pande zote kwamba ni karatasi na lisiwekewe kitu juu, kwa maandishi makubwa, na mtu wako wa Dar amwambie kondakta kwa mdomo. Kwenye buti la basi boksi dogo hukaa chini ya gunia la mchele.

DHL na wenzake

Kasi yao haina mshindani, na simu unapigiwa ukiwa nyumbani. Wanataka jina la mtaa na namba ya simu. Hawapeleki kwenye sanduku la posta, kwa hiyo muuzaji akinakili S.L.P. yako peke yake, kifurushi kitakwama.

Gharama yao inategemea boksi kuliko katuni. Kampuni hizi hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, zinazidisha, zinagawanya kwa 5,000, na jibu likizidi uzito wa mizani ndilo linalotozwa. Boksi la sentimita 32 kwa 24 kwa 10 linahesabiwa kilo 1.54, hata kama ndani kuna nusu kilo. Lilelile likiwa na kimo cha sentimita 4 linakuwa kilo 0.61. Muuzaji anayechukua boksi lolote la jikoni na kulijaza magazeti ameshakuongezea kilo moja ya hewa. Mwambie katuni husafiri bapa.

Njia hii naiweka kwa vitu vizito kwa thamani, hasa matoleo yaliyopimwa na kufungwa kwenye ganda la plastiki gumu la CGC, kampuni iliyoanza kazi hiyo mwaka 2000 na kutoa alama kuanzia 0.5 hadi 10. Ganda lina takriban sentimita 20 kwa 33, uzito wake unazidi robo kilo, na likipasuka alama inabaki kwenye karatasi lakini bei inashuka. Mtu anayenunua toleo la 52 la Fantastic Four la mwaka 1966, ambamo Black Panther alionekana kwa mara ya kwanza, asibishane juu ya dola 70 za DHL na bima. Hapo nauli kubwa ni ya haki. Anayetozwa dola 70 kwa toleo la mwaka 1993 lililochapishwa kwa mamia ya maelfu, huyo ndiye ninayemwombea afunge ukurasa.

Kumbuka pia kwamba kampuni ya haraka hufanya kazi ya forodha kwa niaba yako na huitoza. Hata kodi ikiwa sifuri, ada ya kushughulikia inaweza kuwepo. Uliza ofisi yao ya Arusha kabla.

Mgeni anayeshukia KIA

Sisi tuna bahati ambayo mtu wa Mwanza au Mbeya hana. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, uko katikati ya Arusha na Moshi, na kila wiki kuna watu wanaotoka Ulaya na Marekani kuja kupanda mlima au kuona wanyama. Ndugu wa diaspora wanaorudi likizo Desemba nao wanashukia hapo. Unamtumia muuzaji anwani ya ndugu yako Minneapolis, nauli inakuwa ya ndani, na katuni zinakuja bapa ndani ya begi la mkononi.

Kwa gharama hakuna kinachoishinda. Kwa muda inashindwa na zote, kwa sababu unangoja safari ya mtu. Na ina heshima yake. Mwombe mtu unayemfahamu, mwambie wazi ni nini na ni uzito gani, mpe risiti ya manunuzi aweze kujibu forodhani, na usimzidishie. Wapanda mlima wamejipimia mizigo yao. Kikomo cha mzigo wa mpagazi Kilimanjaro ni kilo 20, na mgeni anahesabu kila soksi. Matoleo matano ni ombi la kawaida. Boksi zima ni usumbufu, hata kama atakubali kwa aibu. Mgeni aliye mteja wa kampuni yako ya utalii usimguse kabisa, biashara ya kampuni ina thamani kuliko katuni.

Wako wanaopitisha Nairobi, kwa rafiki au ndugu, kisha Namanga kwa shuttle. Kama mtu wako yuko Nairobi tayari na anakuja mwenyewe, sawa. Kusafiri kilomita 270 kwenda na nyingine kurudi kwa ajili ya katuni hakuna hesabu inayokubali.

Nyumba za mnada na Catawiki

Nyumba kubwa kama Heritage Auctions ya Dallas zinaongeza ada ya mnunuzi juu ya dau lililoshinda, na kutuma hukokotolewa baada ya mnada. Ukiweka dau huko bila kuandika barua kwanza, unaweka dau gizani. Catawiki, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 2008, inafaa zaidi kwa katuni za Kifaransa na Kibelgiji. Muuzaji huonyesha nauli ya kila eneo kabla ya dau, ila kuna ada ya ulinzi wa mnunuzi juu yake. Wauzaji wa huko hupenda kuuza kwa mafungu, matoleo kumi au ishirini kwa pamoja, na kwa kanuni yetu ya muuzaji mmoja hilo linatufaa. Angalia uzito tu: albamu zao zina majalada magumu, na moja inaweza kuwa na uzito wa matoleo matano ya Kimarekani.

Jinsi ya kuuliza, na kuweka kikomo

Ujumbe kwa muuzaji uwe mfupi na wa Kiingereza chepesi: niko Tanzania, toleo hili likifungwa halizidi gramu 227, je, unaweza kutuma kwa huduma ya vifurushi vidogo vya nje yenye namba ya kufuatilia, na nikinunua mengine utaunganisha? Anayejibu kwa namba ndiye wa kufanya naye kazi. Hifadhi jibu lake ndani ya mfumo wa ujumbe wa mnada, usihamie WhatsApp, maana huko hakuna wa kukusaidia mkitofautiana.

Kisha panga dau lako kinyumenyume. Anza na kiasi ulicho tayari kutoa hadi katuni ifike mkononi, tuseme dola 45. Toa nauli 22, toa makadirio ya ada na tofauti ya kubadilisha fedha kwenye kadi yako, tuseme 3. Zinabaki 20, na hizo ndizo kikomo cha dau. Liweke mara moja na uliache. Ukipanga matokeo, tumia mpangilio wa bei pamoja na nauli, ambao eBay inao. Wale wa senti 99 watashuka wenyewe hadi chini.

Kifurushi kikifika, kipige picha kabla ya kukifungua na wakati wa kukifungua, hasa kona na mgongo wa toleo. Na kisipofika, weka tarehe kwenye kalenda ya simu tangu siku uliyolipa: dhamana ya eBay inakupa siku 30 baada ya siku ya mwisho ya makadirio ya kufika kufungua madai. Posta inaweza kukuambia usubiri wiki mbili zaidi, na pengine ni kweli kinakuja. Fungua madai hata hivyo ndani ya siku hizo, umweleze muuzaji kwa upole kwamba utayafunga kikifika.